Uongozi na Mpangilio (Sehemu ya Tatu): Funzo la TANU

Katika sehemu mbili zilizopita tulizungumzia uadilifu wa kiongozi na upeo wa fikra zake. Leo tunafika kwenye jambo lisilopigiwa makofi jukwaani, nalo ni mpangilio. Kiongozi anaweza kuwa mwadilifu na msemaji hodari, lakini pasipo utaratibu wa kuyageuza maneno yake kuwa kazi, watu watamshangilia, kisha kila mmoja atarudi kwake.

Tuitazame TANU (Tanganyika African National Union), chama kilichoongoza harakati za uhuru wa Tanganyika. Ilipozaliwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, ilirithi matawi ya TAA (Tanganyika African Association), chama kilichoanzishwa mwaka 1929. TAA ilikuwa na wasomi na hoja. Ilichopungukiwa ni njia ya kumfikia mkulima, kuli wa bandarini na mama wa nyumbani. TANU iliijenga njia hiyo: mwanachama alikata kadi na kulipa ada, na habari zilipanda kutoka tawini hadi wilayani, jimboni na makao makuu, kisha zikashuka tena.

Kazi ya Bibi Titi Mohamed inaonyesha jambo hili waziwazi. Alipokabidhiwa uongozi wa wanawake wa TANU mwaka 1955, hakuanza kwa kubisha hodi mlango kwa mlango. Dar es Salaam tayari ilikuwa na vikundi vya ngoma, kila kimoja na kiongozi wake na wanachama waliojuana na kusaidiana katika shida na raha. Yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji katika kikundi kiitwacho Bomba. Basi aliwaendea viongozi wa vikundi, kwani aliyempata kiongozi alikuwa amepata kikundi kizima. Wanawake kwa maelfu wakajiunga.

Mtihani mkubwa ulikuja katika mkutano mkuu wa TANU uliofanyika Tabora, Januari 1958. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeleta kura tatu: kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, tena kwa masharti ya kipato au elimu. Wajumbe wengi walitaka uchaguzi ususiwe. Mwalimu Julius Nyerere, rais wa TANU, akashikilia kwamba kususia ni kuwaachia wengine Baraza la Kutunga Sheria. Baada ya mabishano makali, hoja yake ikapita. Zuberi Mtemvu, ambaye hakuridhika, alitoka TANU na kuunda chama chake. Waliobaki waliukubali uamuzi kuwa wao, hata wale walioupinga kikaoni. Sasa ilibidi wenye sifa waandikishwe, na waelezwe ni Mwasia yupi na Mzungu yupi anayeungwa mkono na TANU. Kazi hiyo haifanywi na hotuba. Hufanywa na matawi. Katika uchaguzi wa 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71.

Kisha, Januari 1962, wiki chache tu baada ya uhuru, Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu ili akakiimarishe chama. Rashidi Kawawa akashika nafasi yake na serikali ikaendelea na kazi. Kiongozi aliyejipanga vizuri hujulikana hapo: anaondoka kitini, na kazi haisimami.

Hata hivyo mpangilio nao una hatari zake. Mfumo wa TANU wa mabalozi wa nyumba kumi, yaani balozi mmoja kwa kila nyumba kumi, ulioenea nchini miaka ya 1960, ulikusudiwa kufikisha sauti ya wananchi juu na maelezo ya viongozi chini. Pale njia ya kupanda ilipoziba, balozi alibaki mpeleka amri, na watu wakajifunza kumkwepa. Muundo usiosikiliza huwa mzigo kwa wale wale uliowekwa kuwatumikia.

Wito wangu ni kwa wanaoongoza Saccos, kamati za shule, vyama vya ushirika na nyumba za ibada. Nimeona vikao vya saa nne vikimalizika bila muhtasari, michango ikipokelewa bila stakabadhi, na mwenyekiti akikumbatia kila ufunguo, hata wa kabati la mafaili. Kabla hamjafunga kikao kijacho, andikeni kwa kila azimio: nani atalitekeleza, lini, ataripoti kwa nani, na asipokuwapo nani atashika nafasi yake. Azimio lisilo na majibu hayo lisihesabiwe kuwa limepitishwa.

Juma lijalo tutaeleza namna ya kugawa madaraka bila kupoteza uwajibikaji.