Kabla Mtaa Ubomolewe, Piga Picha ya Keja ya Mathe

Unataka picha poa ya mathe wako? Anza na keja yake. Jonas Bendiksen, mpiga picha wa Norway, alifanya hivyo kwa kitabu chake cha 2008, The Places We Live. Aliingia keja za Kibera, na za mitaa kama hiyo Mumbai, Jakarta na Caracas, akanasa kuta zote nne, kisha akawaacha wenyewe waongee.

Jaribu hiyo Eastlands. Vitambaa vya kochi, kalenda ya kitambo, pazia linalogawa chumba: hapo ndio unaona msee anajivunia nini. Omba ruhusa kwanza, na usipange vitu upya.

Lakini usichelewe. Nyumba za zamani za kaunti pale Pangani zilishabomolewa, magorofa yakasimama. Kuta zikienda, picha ndio hubaki.