Kiwanja chenu kitaenda hivi hivi mkiangalia

Hebu nikuulize. Leo jioni mkitaka kupiga boli na wenzako, mtaenda wapi? Usinitajie ule uwanja wa nyasi bandia wa kulipia kwa saa. Nauliza mahali pa bure. Mahali ambapo mtoto wa jirani anaweza kukimbia bila mamake kuogopa boda boda, na ambapo mtaa ukifiwa mnaweza kuweka viti na hema mkachangia mazishi.

Kama imekubidi ufikirie sana, makala haya ni yako.

Mtaani kwetu Eastlands tulikuwa na kiwanja. Nyasi hakikuwa nazo. Magoli yalikuwa mawe mawili huku na mawili kule, na mvua ikinyesha tulicheza kwenye tope. Lakini kilikuwa chetu. Mwaka niliomaliza kidato cha nne, nikiwa sina kazi wala mpango, jamaa fulani alikuja na lori la mabati akauliza nani anataka kibarua. Nikainua mkono. Nilibeba yale mabati kutwa nzima, nikalipwa shilingi 500, jioni nikajinunulia chipo na soda.

Wiki moja baadaye kiwanja kilikuwa kimezungushwa ua. Leo pale pana ghorofa saba. Mimi ndiye niliyesaidia kukifunga, na hata sikuuliza ni cha nani.

Jambo lililonifunza ni kwamba kiwanja hakinyakuliwi usiku na watu waliofunika nyuso. Kinaenda mchana, polepole, mkiangalia. Kwanza watu wanaanza kutupa taka kwenye pembe moja. Halafu anakuja mtu wa kuosha magari. Halafu vibanda viwili vitatu. Kufikia hapo wazazi wamekataza watoto kwenda huko, na timu imetafuta kwingine. Mabati yanapofika, hakuna anayelia, kwa sababu machoni pa watu ile ni "ploti tupu" tu.

Tupu? Katika jiji hili hakuna ardhi tupu. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, Nairobi ina watu 4,397,073. Ukigawanya kwa ukubwa wa jiji, unapata zaidi ya watu 6,000 kwa kila kilomita moja ya mraba. Lakini huo ni wastani, na wastani unachanganya Karen na Mathare. Mathare peke yake ilikuwa na karibu watu 69,000 kwa kilomita moja ya mraba. Ukiishi kwenye chumba kimoja na ndugu zako watatu, kiwanja si anasa. Ndiyo sebule yenu.

Waliosimama kabla yetu

Pengine umewahi kulala kwenye nyasi za Uhuru Park ukisubiri jua lipungue. Mwaka 1989 kulikuwa na mpango wa kujenga pale jumba la ghorofa 60. Wangari Maathai akaandika barua kwa ofisi moja baada ya nyingine, ndani na nje ya nchi. Wabunge walimkejeli bungeni, na shirika lake la Green Belt Movement likafurushwa kwenye ofisi zake. Hakunyamaza. Wafadhili wakajiondoa na mradi ukafa.

Sasa angalia kilichofuata pale pale. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa waligoma kula kwenye kona ile inayoitwa Freedom Corner, wakidai wana wao waachiliwe. Agosti 27, 2010 Katiba mpya ikazinduliwa Uhuru Park mbele ya maelfu ya Wakenya. Na Julai 7, 2024 vijana walijaa hapo kwa tamasha la kuwakumbuka wenzao waliouawa kwenye maandamano. Lile jumba lingejengwa, hayo yote yangefanyika wapi?

Chukua pia Jeevanjee, pale katikati ya jiji. Mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee aliwapa wakazi wa Nairobi bustani ile mwaka 1906. Mwaka 1991 ukaja mpango wa kuigeuza maegesho ya magari, na mjukuu wake, Zarina Patel, akaongoza kampeni ya kuupinga. Leo ukipita pale saa saba mchana utakuta watu wakibishana siasa, wakihubiri au wakisinzia tu. Hakuna anayewatoza hata shilingi.

Na kama unadhani mapambano haya ni ya watu wakubwa, kumbuka Januari 2015. Wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walirudi kutoka likizo wakakuta uwanja wao umezungushiwa ukuta. Walipoandamana, polisi waliwarushia vitoa machozi, watoto wa shule ya msingi! Picha zikazunguka dunia nzima. Ukuta ukaanguka na uwanja ukarudi kwa shule.

Kiwanja kinachotumika ni vigumu kukinyakua

Lakini si lazima usubiri polisi na kamera. Kule Korogocho, vijana walichukua kipande cha ukingo wa Mto Nairobi kilichokuwa jaa la taka, wakazoa uchafu kwa mikono, wakapanda miti na kutengeneza bustani. Dandora nako vijana wamesafisha nyua zilizoachwa kati ya nyumba tangu mtaa ulipojengwa, wakapaka rangi na kupanda maua, na watoto wakarudi kucheza.

Siri yao ni rahisi. Mahali penye ligi kila Jumapili, penye miti yenye wa kuimwagilia maji, penye akina mama wanaokutana kwa chama, hapawezi kuitwa ploti tupu. Mnyakuzi anapenda mahali pasipo na shahidi.

Sasa wewe ufanyeje?

Mapenzi peke yake hayatoshi, kwa sababu mnyakuzi huja na karatasi. Nyinyi pia muwe na zenu.

Anza kwa kujua kiwanja ni cha nani. Mitaa mingi ilipopimwa, ramani ilionyesha ploti za nyumba na zile zilizotengewa shule, zahanati au uwanja. Tafuteni ramani hiyo. Kama mna namba ya ploti, fanyeni upekuzi kwenye Ardhisasa, mfumo wa serikali wa mtandaoni ulioanza Nairobi mwaka 2021. Ofisi ikiwazungusha, andikeni barua. Kipengele cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari, na sheria ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu.

Pili, soma matangazo. Anayetaka kubadilisha matumizi ya ardhi anatakiwa na sheria ya 2019 kuutangazia umma ili wenye pingamizi waseme. Shida ni kwamba wengi wetu tunapita lile bango tukiwa na simu usoni. Likipigwe picha, litumwe kwenye grupu la WhatsApp la mtaa, na pingamizi liandikwe kabla ya siku zilizotajwa kuisha.

Tatu, usitishwe na neno "hatimiliki". Kipengele cha 40 kinasema wazi kwamba ulinzi wa mali hauhusu mali iliyobainika kupatikana kinyume cha sheria. Na chini ya kipengele cha 70, unaweza kwenda kortini kutetea haki ya mazingira safi bila kuthibitisha kwamba wewe binafsi umepata hasara.

Usiende peke yako, lakini. Nenda na timu ya boli, akina mama wa chama, kanisa, msikiti na wazee wa mtaa. Mtu mmoja anatishwa au anahongwa. Mtaa mzima ni noma kuuhonga.

Siku hizi nikipita pale kwetu huona watoto wakipiga mpira wa karatasi barabarani, mmoja wao kazi yake ikiwa kupiga kelele "gari!" kila mara, wenzake wakitawanyika. Kila nikiwaona nakumbuka ile chipo.

Kwa hivyo siku lori litakapokuja mtaani kwenu na jamaa aulize nani anataka kibarua, najua mia tano ni pesa, na najua huenda unaihitaji. Ila kabla hujainua mkono, muulize hayo mabati ni ya kuzungushia nini, na kibali kiko wapi.