Duka Lisilo na Ghala: Nani Atamfikishia Mzigo Mteja wa Ozi?

Kutoka Nairobi hadi Ozi, kwenye delta ya Mto Tana, kifurushi hupitia mikono mingi. Hupakiwa kwenye basi la usiku la Pwani, hushushwa Mombasa au Malindi na kuhamishiwa gari la Lamu, hupita njiapanda ya Minjila karibu na Garsen, kisha huachwa Witu kwa wakala wa basi. Hapo boda hukichukua hadi Kipini, na kutoka Kipini safari humalizikia kwa boda tena au kwa mashua, kutegemea mvua na maji ya mto. Aliyeiuza bidhaa iliyomo ndani huenda hakuigusa hata mara moja.

Biashara hii, ambayo vijana wa mjini huiita dropshipingi, ni nyepesi kueleza. Muuzaji hufungua ukurasa wa Facebook, TikTok au WhatsApp na kuweka picha za bidhaa ambazo hana. Mteja akilipa, muuzaji huyo naye humlipa muuzaji wa jumla, ambaye hutuma mzigo moja kwa moja kwa mteja. Faida ni tofauti ya bei hizo mbili. Hakuna kodi ya chumba wala stoki ya kulala dukani. Ugumu wote umekaa kwa mtu mmoja, yule wa jumla. Akituma viatu namba 39 badala ya 41, hatatukanwa yeye. Atatukanwa muuzaji wa mtandaoni aliyeko Garsen, ambaye mteja anamjua jina, na pengine hata nyumbani kwao anakujua.

Delta ya Mto Tana ina sababu zake za kuitazama kazi hii kwa makini. Ozi ni kijiji cha Wapokomo karibu na mlango wa mto, mashuhuri kwa mpunga na maembe. Kwa miaka sasa maji ya chumvi yamekuwa yakipanda mto na kuingia mashambani. Mpunga umekauka, na miembe imekufa ikiwa imesimama. Kijana aliyepoteza shamba na ana simu ya intaneti mkononi hahitaji kushawishiwa sana. Na barabara ya Garsen hadi Lamu, iliyokuwa ya vumbi kiangazi na ya tope masika, sasa ina lami.

Wala eneo hili si geni kwa biashara ya mbali. Katika karne ya 19 mfereji wa Belezoni ulichimbwa kuunganisha Mto Tana na Mto Ozi, mitumbwi ya mpunga ikapata njia fupi ya kufika Kau, bandari ndogo iliyonawiri kwa kukaa katikati ya wakulima wa mtoni na vyombo vya pwani. Aliyeko Garsen leo amekaa katikati vilevile, ila mwenye mzigo yuko mbali, na sura yake ni picha ya wasifu kwenye WhatsApp.

Mahali pa kumpata mwenye mzigo panajulikana. Nairobi, vyombo vya nyumbani viko Kamukunji, mitumba Gikomba, vifaa vya umeme Luthuli Avenue, vipodozi Dubois Road, na nguo ziko Eastleigh, ambako nyumba ya kulala wageni iliyoitwa Garissa Lodge iligeuka kuwa jengo la maduka mapema miaka ya 1990 na kuanzisha mtindo ulioenea mtaa mzima. Mombasa kuna Biashara Street kwa leso na vitambaa. Kwa mteja wa Tana River, Mombasa mara nyingi ni chaguo bora hata bei ikizidi kidogo, kwa sababu mzigo unapungukiwa na usiku mzima wa safari na mkono mmoja wa kuupotezea.

Anayeanza hapungukiwi na wauzaji wa jumla. Huwapata wengi mno. Makundi ya WhatsApp na Telegram yamejaa watu wanaojitangaza kuwa wa jumla, na wengi wao ni madalali kama yeye, waliochukua picha zilezile kutoka kwa dalali mwingine. Mnyororo ukiwa na madalali watatu, kila mmoja ameongeza mia mbili yake, na bidhaa ikifika imevunjika hakuna wa kuulizwa. Kila mmoja anangoja jibu la mwenzake wa juu.

Kumfichua dalali wa namna hiyo hakuhitaji upelelezi. Mtu aombe kitu ambacho picha iliyosambazwa haina: video fupi ya katoni ikifunguliwa, karatasi yenye tarehe ya leo ikiwa kando ya bidhaa, au urefu wa soli kwa sentimita. Mwenye mzigo atainuka, atavuta katoni, atarekodi. Sauti ya mikokoteni ya Kamukunji itasikika nyuma. Dalali atasema "ngoja kidogo", kisha saa mbili baadaye atatuma video iliyosambazwa mara nyingi, yenye alama ya simu ya mtu mwingine. Swali la pili ni la risiti. Mwenye duka halisi ana nambari ya tili yenye jina la biashara, na jina hilo hulingana na lililo kwenye risiti yake ya eTIMS, mfumo wa Mamlaka ya Mapato. Kama ni kampuni, hati ya CR12 kutoka kwa msajili wa kampuni huonyesha wamiliki ni nani. Muuzaji mdogo wa Gikomba huenda asiwe na hati yoyote kati ya hizo na bado akawa mwaminifu kabisa. Huyo hupimwa kwa oda ndogo ndogo.

Oda ya kwanza kabisa inafaa iwe ya muuzaji mwenyewe. Aagize seti moja ya sufuria iletwe Garsen, alipe kama mteja, ahesabu siku, kisha aikague. Je, vifuniko vimefungwa kwa magazeti au vimeachwa vigongane? Jina na simu ya mpokeaji vimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito pande mbili za katoni, au kwenye kikaratasi kimoja ambacho umande wa usiku utakibandua? Stakabadhi ya basi imetumwa kwa picha siku hiyohiyo? Kwenye ofisi za mabasi, mzigo usio na stakabadhi huwa wa yeyote anayejua kuusimulia vizuri.

Hesabu nazo hazina huruma. Tuseme seti hiyo ni shilingi 2,400 kwa jumla na inauzwa 3,200, huku tangazo likiahidi kufikishiwa bure. Katika zile 800 za faida, nauli ya basi ikila 300 na boda 200, zinabaki 300. Mteja mmoja akiukataa mzigo kwa sababu sufuria imebonyea, muuzaji amepoteza 500 za kwenda, atapoteza 500 za kurudisha, na 2,400 zake zimeganda mpaka wa jumla akubali kosa. Elfu moja hiyo ni faida ya wateja watatu, na bado haijatosha. Ndiyo maana, kwa anayehudumia vijiji vya delta, wa jumla anayekubali kurudishiwa mzigo ana faida zaidi hata akiwa ghali kwa shilingi 100 kuliko wa bei ya kutupa ambaye ukurasa wake unasema bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Malipo ni kidonda kingine. Wateja wengi hutaka kulipa mzigo ukishafika, wa jumla hutaka fedha kwanza, na aliye katikati hubanwa pande zote. M-Pesa, tangu ianze Machi 2007, imerahisisha kutuma fedha kiasi cha kurahisisha pia kuibiwa. Aliyekosea hutuma ujumbe wa muamala kwa 456 kuomba fedha zirudishwe, lakini mpokeaji akishazitoa, kuzipata ni shida. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inagusa mikataba ya intaneti na kumtaka muuzaji atoe taarifa zake wazi kabla ya kuuza. Machoni pa mteja, muuzaji huyo ni mwenye ukurasa, awe na ghala au asiwe nalo.

Wapo wanaoruka Nairobi na kwenda moja kwa moja China. AliExpress, iliyoanza 2010, ndiyo iliyolea dropshipingi duniani, na programu ya Oberlo iliyowaunganisha wenye maduka na wasambazaji wake ilinunuliwa na Shopify mwaka 2017, ikafungwa 2022. Kwa anayenunua kwa wingi, Alibaba ina utaratibu uitwao Trade Assurance unaomlinda mnunuzi ikiwa alichotumiwa si kile kilichoandikwa kwenye oda. Ulinzi huo huishia mbali na Witu. Bidhaa zilizokamilika huingia Afrika Mashariki kwa ushuru ambao kwa kawaida ni asilimia 25 au 35, Kenya huongeza VAT ya asilimia 16, na Shirika la Viwango, KEBS, hutaka bidhaa nyingi zikaguliwe kabla ya kusafirishwa. Wafanyabiashara wadogo hukwepa usumbufu huo kwa kuunganisha mizigo yao kupitia wakala anayetoza kwa kilo. Wale wa Nyamakima, Nairobi, waliandamana mwaka 2018 makontena ya namna hiyo yalipokwama bandarini. Mteja wa Ozi aliyeambiwa "wiki mbili" hajui lolote kuhusu makontena.

Februari 2023 wafanyabiashara wa Nairobi waliandamana tena, safari hii dhidi ya China Square, duka kubwa la Barabara ya Thika lililokuwa likiuza kwa bei zilizowashinda wao wa jumla. Kelele zilikuwa za siasa, ila wauzaji wa mtandaoni walioyatazama hayo walipata somo la bure kuhusu bei wanazouziwa na pengo lililomo ndani yake.

Na ukubwa wa jina si dhamana. Copia, iliyoanza mwaka 2013 kuwauzia watu wa vijijini kupitia mawakala wasio na stoki, ilichangisha mamilioni ya dola, na Mei 2024 ikawekwa mikononi mwa wasimamizi. Sky.Garden, soko la mtandaoni lililowapa wauzaji wadogo duka la bure kwenye simu, lilitangaza kufunga mwaka 2022, likaokolewa na kampuni ya Lipa Later. Machi 2025 Lipa Later yenyewe ikawa chini ya msimamizi. Muuzaji aliyetegemea jukwaa moja tu huamka siku moja hana duka wala orodha ya wateja. Namba za wateja wake anapaswa kuwa nazo yeye mwenyewe, na kila bidhaa inayouzika ahakikishe ina wa jumla wa pili anayejulikana.

Kisha kuna mto. Novemba 2023 mvua za El Niño zilifunika barabara ya Lamu sehemu ya Gamba hadi Lango la Simba, na watu wakavushwa kwa boti. Msimu kama huo, muuzaji makini huondoa tangazo la "siku tatu" kabla ya wateja kulalamika na humwambia wa jumla afunge kila kitu kwa nailoni nzito ndani ya gunia. Wa jumla anayeuliza kwa nini, huyo hajawahi kutuma mzigo Tana River.

Upo pia upande ambao makala za namna hii huusahau. Ozi nayo ni msambazaji. Kuna wauzaji wa mtandaoni Mombasa na Nairobi wanaotafuta maembe, asali na mikeka ya Pwani, na maswali yote yaliyotajwa hapa huwageukia watu wa delta. Embe huiva kwa pamoja msimu wa joto na haingoji gari lililokwama Kipini. Asali iliyotiwa kwenye chupa kwa ajili ya duka la mjini itaulizwa alama ya ubora ya KEBS, na kikundi cha kijijini kisicho nayo huishia kumuuzia mfungashaji kwa ndoo, kwa bei ya mfungashaji. Mkeka hauozi. Waweza kukaa wiki nzima Witu na ukafika vilevile, mradi umekunjwa vizuri. Mnunuzi wa mjini hujali zaidi kama mkeka wa kumi una upana uleule wa mkeka wa kwanza, maana picha aliyoiweka kwenye ukurasa wake ni moja. Kikundi cha akina mama kinachoweza kusuka kumi za kipimo kimoja kila mwezi, na kujibu simu siku ambayo hakina kitu, kitapata oda kabla ya kile kinachoahidi hamsini.