Kuulea Mkono Baada ya Upasuaji wa Titi

Mama anarudi nyumbani na mshono kifuani, mrija ubavuni na bahasha ya vidonge. Wifi anampokonya ufagio, binti anamsuka nywele, jirani anasisitiza: "Kaa tu, hata kikombe usishike." Ni huruma ya kweli. Lakini mkono ukikaa hivyo mwezi mzima, bega huganda. Lililopasuliwa ni titi, ila nyumbani wa kulelewa ni mkono.

Sababu iko kwapani. Kwapa moja huwa na tezi za limfu 20 hadi 40 hivi, zinazochuja majimaji yanayotoka mkononi na kwenye titi. Saratani ya matiti mara nyingi huanza kusambaa kwa njia hiyo, hivyo daktari huondoa tezi chache azipime, au nyingi kama zimeshaathirika. Zikipungua, majimaji yanaweza kukosa njia na mkono ukavimba, miezi au hata miaka baadaye. Watu wa pwani wanaujua uvimbe wa ukoo huo: matende. Katika matende, mishipa ya limfu huharibiwa na minyoo inayoenezwa na mbu. Hapa ni kisu, na wakati mwingine mionzi.

Siku za mwanzo kazi kubwa ni mrija unaotoa majimaji yanayojikusanya chini ya ngozi. Kwa ule wenye chupa laini, chupa iminywe hewa itoke ndipo kizibo kifungwe, la sivyo haivuti. Imwagwe kama mara mbili kwa siku, baada ya kunawa mikono kwa sabuni, na kiasi kiandikwe kwenye daftari. Madaktari wengi huutoa mrija majimaji yakishuka chini ya mililita 30 hivi kwa saa 24, yaani vijiko viwili vya chakula. Rangi huanza nyekundu, ikafifia hadi manjano. Chupa isiachwe ining'inie. Ibanwe kwa pini kwenye nguo au itiwe kibindoni. Gauni la vifungo mbele ndilo rahisi: mkono wa upande uliopasuliwa huingia kwanza na kutoka mwisho.

Mazoezi hayangoji mrija utoke. Tangu siku ya kwanza mgonjwa anaweza kufumba na kufumbua ngumi, kukunja kiwiko, na kujichana polepole. Kwa kawaida huambiwa kwanza asivushe mkono juu ya usawa wa bega. Baada ya wiki hivi, daktari akiruhusu, asimame mbele ya ukuta na vidole vipande kidogo kidogo kama buibui, kisha aweke alama ya mkaa pale vilipofika. Kuhisi ngozi inavutika ni kawaida. Maumivu makali ni amri ya kusimama. Wengine hugusa kitu kama kamba kutoka kwapani kuelekea kiwiko, wakadhani saratani imerudi. Kamba hizo hutokea mara nyingi baada ya upasuaji wa kwapa, na kwa kawaida hulegea kwa kunyoosha mkono. Hata hivyo, daktari azione.

Zamani wagonjwa walikatazwa kazi yoyote nzito ya mikono maisha yao yote, kwa hofu ya uvimbe. Mwaka 1996, huko Vancouver, Kanada, daktari wa michezo Don McKenzie alilijaribu katazo hilo. Aliwazoeza taratibu wanawake 24 waliowahi kuugua saratani ya matiti, kisha wakapiga makasia katika mashua ya mashindano. Hakuna aliyepata uvimbe mpya. Mwaka 2021 utafiti wa Uingereza uitwao PROSPER ulionyesha kwamba waliofundishwa mazoezi na mtaalamu wa fiziotherapia, kuanzia siku ya 7 hadi ya 10, walikuwa na mikono yenye uwezo zaidi baada ya mwaka kuliko waliopewa vijitabu tu.

Taratibu ndilo neno lenyewe. Kukuna nazi, kutwanga, kuchota maji, kufua mablanketi na kubeba mtoto mgongoni vingoje wiki kadhaa, hadi daktari aruhusu. Upande wa ndani wa mkono unaweza kubaki na ganzi, kwa hiyo sufuria ya moto huunguza bila kuhisiwa. Shambani avae glavu, maana kidonda kidogo kikiingia vijidudu kinaweza kuanzisha uvimbe.

Arudi hospitali haraka akipata homa ya nyuzi 38, usaha, harufu mbaya, damu nyingi mrijani au kifua kubana. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huweza kujificha; apime kwa kiganja kama mshono una joto, na atazame kama ngozi imevimba na kung'aa. Dawa za kupaka za kienyeji zisiguse mshono.

Kuna sababu nyingine ya kuhimiza bega. Wengi baadaye huhitaji mionzi, pengine Ocean Road jijini Dar es Salaam au Bugando, Mwanza. Kwa kawaida mgonjwa hulala mkono ukiwa umeinuliwa juu ya kichwa. Asiyeweza, matibabu yanaweza kucheleweshwa. Kwa hiyo wifi na ashike ufagio, tena ashukuriwe. Kitana tu amwachie mwenyewe.