Mota ya baiskeli ikianza kelele: kabla hujanunua nyingine, sikiliza kwanza

Wakulima wenzangu, leo tuache kidogo mbolea na viuatilifu. Vijana wengi ninaowahudumia huku Moshi wamefunga mota za umeme kwenye baiskeli zao za kawaida, na siku hizi baiskeli hizo ni vitendea kazi sawa na bomba la kupulizia dawa. Asubuhi zinashusha maziwa na mayai mjini, jioni zinapandisha pumba na majani ya ng'ombe. Ila zikishapiga kazi muda, mota inaanza kulia, na swali linalonifikia ni lile lile: "Mtaalamu, ninunue mota gani isiyo na kelele?"

Wapo wanaodhani ni swali la mapambo. Hapana. Ng'ombe akishtuka wakati wa kukamuliwa mwili wake unatoa adrenalini, na adrenalini inazuia kazi ya oksitosini, ile homoni inayoshusha maziwa. Unakamua, unapata pungufu, mengine yamebaki kwenye kiwele. Kuku wa mayai nao wakisikia mlio mgeni ghafla wanakimbilia kona moja na kulaliana. Halafu kuna mteja. Kijana mmoja wa Kibosho anapeleka lita 20 kila alfajiri kwenye mgahawa uliopakana na nyumba ya wageni. Mwenye mgahawa alimpa wiki mbili: chombo kinyamaze, au oda iende kwa mtu mwingine. Lita 20 kwa siku siyo mchezo.

Sasa, kelele ya mota siyo kitu kimoja. Mlio mwembamba, zziii, unaosikika ukivuta eksileta na kukatika ukiiachia, mara nyingi unatoka kwenye gia za ndani. Mngurumo mzito wakati wa kuondoka, halafu unapungua ukishashika mwendo, mara nyingi ni kontrola. Mvumo unaoendelea hata ukiwa umeachia eksileta na baiskeli inateremka yenyewe, hapo shuku beringi. Baiskeli ikitetemeka na kukwama-kwama wakati wa kuondoka, kagua waya na sensa za mota kabla ya kitu kingine. Na mota ikizunguka kwa fujo huku gurudumu halisogei, ama meno ya gia yameisha, ama klachi ya ndani imeachia.

Kuna kipimo kimoja cha bure. Zima, chomoa betri, nyanyua gurudumu ulizungushe kwa mkono. Likiwa zito kupita kawaida na linazunguka kwa kushtuka-shtuka, chomoa soketi ya mota kutoka kwenye kontrola, ujaribu tena. Likiwa jepesi sasa, mota yako haina kosa: kontrola imeungua ndani. Kwa mota ya gia zungusha kinyumenyume, maana kwenda mbele klachi inaliachia gurudumu. Nimeona mota nzima zikiuzwa kama chuma chakavu kwa sababu hakuna aliyechomoa soketi hiyo.

Na kama tatizo ni gia peke yake, mota nyingi za gia zinafunguka. Gia za nailoni zinauzwa kama spea, fundi anabadilisha tatu zote kwa pamoja na kupaka grisi mpya. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na mota nzima. Utaambiwa uweke za chuma zidumu milele. Kwa anayetafuta ukimya sishauri: chuma kwa chuma kinalia, nailoni inameza sauti.

Tuseme sasa mota imekufa kweli, koili zimeungua na ukiifungua inanuka. Ya kijana wa Kibosho ilikuwa hivyo. Za kwenye habu ziko za aina mbili. Ya kwanza haina gia kabisa: sumaku zimebandikwa kwenye ganda, na ganda lenyewe ndilo gurudumu. Hakuna meno yanayosagana, kwa hiyo kwa umbo lake ndiyo ya kimya kuliko zote. Lakini ni nzito, nyingi ni kilo 6 hadi 7, na betri ikiisha utasukuma pedali huku sumaku zinakuvuta nyuma. Ya pili ni ya gia: ndani mota ndogo inazunguka mara 4 hadi 5 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, na gia tatu ndizo zinazopunguza kasi hiyo kuwa nguvu. Ina kilo 3 au 4 hivi, inapanda vizuri, na betri ikiisha inateleza kama baiskeli ya kawaida. Sauti ipo, lakini ikiwa gia ni za nailoni zenye meno ya mshazari, sauti hiyo ni ndogo sana.

Nani achukue ipi? Kama uko Kahe, tambarare, njia ndefu na mzigo wa kawaida, chukua isiyo na gia. Kama unapanda Kibosho au Machame na gunia la pumba nyuma, chukua ya gia. Mota isiyo na gia ikilazimishwa kupanda polepole na mzigo inageuza umeme mwingi kuwa joto, na koili hazipendi joto. Kwenye mteremko ina sifa yake, sikatai: ukiwa na kontrola inayokubali, inafanya kazi ya breki na kurudisha umeme kidogo kwenye betri. Ila anayeshuka na maziwa lazima apande na majani, na mota inafia kwenye kupanda.

Watu wanauliza wati tu, wanasahau mizunguko. Tairi la inchi 26 linatembea kama mita 2 kwa mzunguko mmoja. Mota ya mizunguko 200 kwa dakika inakupa takriban kilomita 25 kwa saa; ya mizunguko 300 inakupa 37. Ya 37 inavutia kwenye lami, lakini mlimani na mzigo haifiki kasi yake, inang'ang'ana, inapata moto na kulia. Kwa mazao chukua ya mizunguko michache. Wati zilizoandikwa kwenye ganda zisikubabaishe sana. Nguvu halisi ni volti za betri mara ampea za kontrola: volti 36 kwa ampea 15 ni wati 540, volti 48 kwa ampea hizo hizo ni 720. Volti za mota mpya, kontrola na betri zipatane, na betri yenyewe iwe na uwezo wa kutoa ampea ambazo kontrola inaziomba.

Kontrola ndiyo inayosahaulika. Za bei rahisi zinapeleka umeme kwa mapigo makali, na mapigo hayo unayasikia kama mngurumo, hasa kwenye mota isiyo na gia. Za wimbi laini, kwenye lebo utakuta imeandikwa sine wave, zinafanya mota ile ile inyamaze. Ukinunua mota ya kimya ukaiacha na kontrola ya mapigo, umelipia ukimya nusu. Yule kijana alichukua mota ya gia za nailoni, ya mizunguko michache, na kontrola ya wimbi laini. Oda bado anayo. Kelele anayolalamikia sasa ni ya keni kugongana, ambayo kipande cha mpira wa tairi kuukuu kinatosha kuitibu.

Kabla hujatoa pesa pima fremu. Nafasi ya ekseli ya nyuma kwa baiskeli nyingi za mlimani ni milimita 135, na mbele 100. Zile kubwa nyeusi za kizamani ni nyembamba zaidi nyuma, kwa hiyo nenda na rula, usikisie. Angalia pia soketi. Waya nene 3 na nyembamba 5 ni kawaida, lakini rangi za kiwanda kimoja haziendani lazima na za kingine, na waya zikipishana mota inaunguruma na kutetemeka hata ikiwa mpya. Kontrola nyingine zina waya wa kujipanga zenyewe; muulize muuzaji.

Mwisho, ekseli. Mota inasukuma gurudumu mbele, na ekseli inataka kuzunguka nyuma. Ikifaulu, inapanua mdomo wa fremu, inakata waya zake yenyewe, na kama mota iko mbele unaweza kuruka na maziwa yako. Mwambie fundi wa kuchomelea akukatie bamba la chuma la kushika ekseli, lifungwe kwenye fremu. Kwa mota inayofanya pia kazi ya breki weka mabamba mawili, kila upande moja. Baada ya siku ya kwanza ya kazi kaza nati tena, na waya wa mota uuache ulegee kwa chini kabla ya kuingia kwenye ekseli, ili maji ya mvua yadondoke hapo badala ya kuufuata mpaka ndani.