Je, Wajua? Fuwele ya Paneli ya Sola Yasomeka kwa Macho

Barabara ya M1 ikitoka Lilongwe kwenda kaskazini hupita Lumbadzi, jirani na Uwanja wa Ndege wa Kamuzu, ambako kuna mtambo wa sola wa kilowati 830 uliojengwa kwa msaada wa Japani. Mbele zaidi, wilayani Dowa, iko Dzaleka. Enzi za Rais Kamuzu Banda palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Tangu 1994 ni makazi ya wakimbizi. Palitengwa kwa watu kama 10,000 hadi 12,000, na sasa wanaishi zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni, kinyozini na penye kuchaji simu.

Paneli za sola zinazouzwa Malawi, kuanzia maduka ya Lilongwe hadi vibanda vya makazini, si za sura moja. Ipo nyeusi tii, seli zake zimekatwa pembe. Ipo ya bluu yenye vipande vinavyometameta. Ipo ndogo ya rangi ya kahawia, yenye mistari myembamba iliyosogeleana. Mnunuzi anaweza kudhani ni mitindo ya viwanda tu, lakini kila sura inaeleza jinsi atomi za silikoni zilivyojipanga ndani, na mpango huo ndio unaoamua kwa sehemu kubwa kiasi cha umeme kitakachotoka.

Katika fuwele ya silikoni kila atomi imeshikana na wenzake wanne, kwa mpango uleule wa almasi. Mpango huo ukiendelea bila kukatika kutoka ukingo hadi ukingo wa seli, tunapata fuwele moja, ile ambayo wauzaji huiita mono. Njia ya kuikuza inatokana na Jan Czochralski, mtaalamu wa metali kutoka Polandi aliyekuwa akifanya kazi Berlin mwaka 1916. Husimuliwa kwamba aliichovya kalamu yake kwenye bati lililoyeyuka badala ya kwenye wino, akaivuta, na uzi mwembamba wa metali ukafuata ncha yake. Uzi ule ulikuwa fuwele moja. Leo viwanda huchovya mbegu ndogo ya fuwele katika silikoni iliyoyeyuka kwa nyuzijoto 1,414, kisha huivuta polepole huku ikizungushwa, hadi litokee gogo la mviringo.

Mviringo huo ndio alama ya kwanza. Gogo likichongwa ubavuni ili seli zikaribie kuwa za mraba, pembe nne hubaki zimekatwa kidogo ili silikoni nyingi isipotee. Seli zikipangwa, penye pembe hizo huonekana almasi ndogo nyeupe. Hata hivyo, alama hii inazidi kufifia: magogo ya siku hizi ni manene, na seli nyingi hukatwa nusu, hivyo kila kipande hubaki na pembe mbili tu zilizopunguzwa, tena kidogo sana.

Aina ya pili, poli, haivutwi. Silikoni humiminwa kwenye chombo cha mraba na kuachwa ipoe, na fuwele huanza kuota mahali pengi kwa pamoja hadi zikutane. Kila moja imeelekea upande wake, kwa hiyo kila moja huurudisha mwanga kwa namna yake. Aliyewahi kuezeka nyumba anajua madoa yanayong'aa kwenye bati jipya: kila doa ni fuwele ya zinki, na kanuni ni hiyohiyo. Ichukue paneli juani, uigeuze taratibu. Kwenye poli vipande vingine vitang'aa huku vingine vikififia, kisha vitabadilishana. Kwenye mono seli nzima itabadilika kwa pamoja.

Rangi peke yake haitoshi kuwa ushahidi. Silikoni yenyewe ni ya kijivu. Bluu hutokana na utando wa nitridi ya silikoni wenye unene wa nanomita 75 hivi, uliowekwa ili kupunguza mwanga unaorudi nje, na utando huohuo hupakwa kwenye mono na poli. Weusi wa mono una sababu nyingine: kiwandani huoshwa kwa dawa ya alkali inayokula silikoni haraka upande mmoja na polepole upande mwingine, na uso wote hujaa piramidi ndogo sana. Kwa kuwa fuwele ni moja, piramidi zote zimekaa sawasawa, kila ubavu ukiwa na mwinamo wa nyuzi 54.7. Ukimulika kalamu ya leza kwenye seli tupu ya namna hii, isiyo na kioo, mwanga hurudi ukiwa madoa manne yaliyopangika. Hilo ni umbile la fuwele likichorwa ukutani bila mashine yoyote kubwa.

Maabara yenye vifaa hutumia miali ya eksirei, kwa njia iliyoanzishwa na Max von Laue mwaka 1912 na kuendelezwa na akina Bragg, baba na mwana. Unga wa silikoni ukipigwa miali inayotoka kwenye shaba, hutoa kilele kikali kwenye nyuzi 28.4. Silikoni isiyo na mpango hutoa kivimbe kipana tu.

Hiyo isiyo na mpango ndiyo paneli ya kahawia. Atomi zake zimetandazwa kwenye kioo kwa tabaka jembamba, zimeshikana, lakini hazikujipanga. Mwaka 1977 Staebler na Wronski walieleza kasoro yake: ikipigwa jua hupoteza sehemu ya nguvu zake za mwanzo, kisha hutulia. Kenya iliijua vizuri habari hii. Mwishoni mwa miaka ya 1990 paneli ndogo za aina hii ziliuzwa kwa wingi vijijini, na watafiti, akiwemo Daniel Kammen wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wakazipima majumbani. Nyingi zilikaribia wati zilizoandikwa, lakini chapa mojawapo ilikuwa chini sana. Kosa halikuwa la teknolojia yote. Mnunuzi tu hakuwa na namna ya kuwatofautisha wauzaji.

Nyufa nazo husema. Silikoni hupenda kupasuka kufuata tabaka fulani za atomi, na seli za mono hukatwa kwa namna ambayo nyufa hizo hukimbia mshazari, nyuzi 45 kutoka ukingoni. Kwenye poli ufa huyumbayumba kutoka punje hadi punje. Hakuna haja ya kuvunja paneli nzima kujua hili: baada ya muda juani, baadhi ya paneli huota mistari ya kahawia ambayo mafundi huifananisha na njia ya konokono, nayo hufuata nyufa zisizoonekana.

Faida ya elimu hii ilionekana wazi Januari 2022, dhoruba Ana ilipoharibu mtambo wa umeme wa maji wa Kapichira na Malawi ikapoteza megawati karibu 130 kwa mkupuo. Umeme ukipotea kiasi hicho, paneli huwa tumaini la wengi, na mwenye haraka hudanganywa kwa urahisi. Mara nyingi muuzaji huweka kipima volti na kuonyesha 21. Namba hiyo inahesabu seli tu: kila seli ya fuwele hutoa karibu volti 0.6, na seli 36 hufika hapo, ziwe kubwa au ndogo. Paneli ya wati 10 na ya wati 150 zinaweza kuonyesha volti zilezile.

Futi ya kupimia ni shahidi bora. Jua la kipimo cha viwanda ni wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Mono nzuri ya leo hugeuza asilimia 20 au zaidi ya mwanga huo kuwa umeme, poli asilimia 15 hadi 18, na ya kahawia kama 6 hadi 8. Paneli ya sentimita 60 kwa 50 hupokea wati 300. Ikiwa lebo inasema 100, inadai asilimia 33, na fizikia hairuhusu seli ya kawaida ya silikoni kupita 29 na ushee.

Hesabu hii hufaa hata lebo ikiwa imefutika kabisa. Chukua poli ya zamani yenye seli 36, kila moja milimita 156 kwa 156. Eneo la seli zote ni kama mita za mraba 0.88. Kwa asilimia 16 au 17, ilipotoka kiwandani ilikuwa ya wati 140 hadi 150. Fuwele yenyewe haichakai sana kwa jua. Huchakaa plastiki, viungo vya risasi na nyaya. Kwa hiyo fundi wa Dzaleka aliyeletewa paneli dhaifu na kuona seli hazina ufa aanze kwa kukagua kisanduku cha nyaya kilichoko mgongoni.