Buabua na Daftari la Jua

Swali limetoka Shela, Lamu. Msomaji amesikia kwamba kuna buabua wa kaskazini ambaye kila mwaka huruka kutoka Greenland hadi Antaktika na kurudi, akaniandikia: "Dada, nani alimfuata mpaka huko? Au ndiyo yale ya wataalamu kukisia?"

Hakuna aliyemfuata, na hawakukisia. Habari za mdomo mwekundu na mkia wa panda nitaziruka, ziko kwenye kila kitabu cha ndege. Utamu uko kwenye jibu.

Mwaka 2010 Carsten Egevang na wenzake walichapisha safari za buabua 11, kumi wa Greenland na mmoja wa Iceland. Kila mmoja alikuwa amebeba mguuni kifaa cha gramu 1.4. Kifaa hicho hakizungumzi na setilaiti, hakitumi ujumbe, wala hakijui ramani. Kina jicho la kupima mwanga, saa na kumbukumbu, basi.

Tukiite nini? Wapo wanaoandika "jiolokata", neno lisilomwambia mtu kitu. "Kifuatiliaji" ni uongo: hakimfuatilii yeyote, kimepakiwa tu. "Kihisi mwanga" linakaribia, lakini kihisi huhisi kikasahau, kama kile cha taa ya uani inayojiwasha giza likiingia. Hiki hutunza. Kwa kuwa kinasa sauti tunacho siku nyingi, nikaanza na "kinasamwanga", mpaka mama yangu akaniuliza, bila hata kutabasamu, kama kweli sasa umetengenezwa mtambo wa kukamata wachawi. Mwanga! Nimehamia "kinasanuru", na hapo sitoki.

Sasa, kinasanuru kinajuaje ndege alikuwa wapi? Fikiria una mjomba baharia. Ni msiri, hasemi meli inakwenda wapi, na saa yake ya mkononi haibadilishi: popote aendapo imebaki majira ya Mombasa. Ila kila siku huandika daftarini mambo mawili tu, jua limechomoza saa ngapi na limekuchwa saa ngapi. Baada ya mwaka anarudi, anaingia kuoga, nawe unalifungua daftari.

Juni 21: limechomoza saa 10 na dakika 20 alfajiri, limekuchwa saa 11 na dakika 57 jioni. Huo ni mchana wa saa 13 na dakika 37. Mombasa mwezi huo mchana haufiki hata saa 12, kwa hiyo mjomba alikuwa kaskazini; na kwa tarehe hiyo mchana wa urefu huo unapatikana kwenye latitudo moja, karibu digrii 23 na nusu. Haya, ukate mchana wake katikati. Unapata saa 5 na dakika 8 asubuhi. Hiyo ndiyo saa sita yake ya kweli, jua lilipofika juu kabisa. Mombasa siku hiyo jua lilifika juu saa 6 na dakika 23. Mjomba ametutangulia kwa dakika 75, na kwa kuwa dunia huzunguka digrii moja kila dakika 4, alikuwa karibu digrii 19 mashariki yetu. Weka kidole kwenye ramani: Maskati. Naye aliaga anakwenda Durban!

Kwa Mswahili hili si geni sana. Saa zetu tunazihesabu tangu jua linapochomoza, na saa sita ni katikati ya mchana. Kinasanuru kinaitafuta saa sita hiyo hiyo. (Mawingu hukipotosha kidogo, na karibu na Machi 21 na Septemba 23 mchana hulingana dunia nzima, latitudo ikapotea kwa muda. Tusonge.)

Madaftari ya buabua wale 11 yalitoa wastani wa kilomita 70,900 kwa mwaka. Walipoondoka walitua kwanza Atlantiki ya Kaskazini, karibu mwezi mzima, wakila. Kisha saba wakashuka na pwani ya Afrika Magharibi, wanne wakavuka kuelekea Brazili, wote wakaishia Antaktika, wengi wao Bahari ya Weddell. Kwenda, takriban siku 93. Kurudi, 40 tu, kwa njia iliyopinda kama herufi S kubwa, kwa sababu walipanda pepo. Nahodha aliyewahi kungoja kusi ijaze tanga lake hatashangaa. Mwingine, wa visiwa vya Farne, Uingereza, aliyevalishwa kinasanuru na watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, alizunguka Rasi ya Tumaini Jema akaingia Bahari ya Hindi kabla ya kuteremka Antaktika. Aliporudi Mei 2016 alikuwa na kilomita 96,000.

Lakini daftari halisomeki mpaka mjomba arudi nyumbani. Mtafiti lazima amkamate ndege yule yule, penye kishimo cha changarawe anachokiita kiota, huku majirani zake wakimdonoa mtafiti utosini mpaka damu itoke. Kofia si pambo kule. Na kama panya wameingia kisiwani au mayai yameokotwa, koloni likahama, nuru ya mwaka mzima imepotea nalo.

Kwetu binamu yake, mwenye kifua kilichopakwa waridi kidogo, hutaga chini, juu ya mawe matupu, kwenye visiwa vya Kiunga na kile kisiwa kidogo cha mbele ya Watamu. Kwa hiyo, ndugu yangu wa Shela, ukipita huko na mashua msimu wa kusi, tazama kwa mbali, usishuke, na mayai yaache. Ukiokota buabua aliyekufa ana pete mguuni, usiitupe: imechongwa namba na anwani. Waandikie wenye anwani hiyo.